Pampu ya Dizeli na Mafundi Wake: Kutoka Kongwa Hata Msasani

Historia ya kilimo cha mashine katika Tanganyika imekwisha kuandikwa mara nyingi, na mara nyingi imeandikwa kama habari ya ardhi, mvua na fedha. Wasomaji wamezoea kuambiwa kwamba mpango wa karanga wa Kongwa ulishindwa kwa sababu udongo uligeuka kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua ikanyesha ilivyotaka yenyewe wala si kama vitabu vilivyotabiri, na mibuyu ikakataa kung'oka. Hayo ni kweli. Lakini trekta halisimamishwi na mbuyu peke yake. Husimama pia kwa sababu ya kitu kidogo cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa injini, ambacho mtu mmoja aweza kukibeba mikononi, na ambacho wengi wa walioandika juu ya matrekta hawakujali kukitaja. Kitu hicho ni pampu ya dizeli. Habari zake, na za watu walioitengeneza, zaonyesha upande wa historia hiyo usioonekana katika hesabu za ekari, tangu pampu zilipoingia nchini kwa wingi hata zilipofika kwenye meza za mafundi wa viunga vya Dar es Salaam, Msasani ikiwa mojawapo.

Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na injini yake ikafanikiwa huko Augsburg mwaka 1897. Kiini cha fikira yake ni chepesi kueleza: hewa ikibanwa sana ndani ya silinda hupata joto kali, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe bila cheche. Ugumu haukuwa katika kuibana hewa, bali katika kuyaingiza mafuta mahali ambapo hewa hiyo yayasukuma yarudi. Diesel aliyapuliza kwa hewa nyingine iliyobanwa zaidi, na kazi hiyo ilihitaji mtambo mkubwa wa pili kando ya injini. Ndiyo maana kwa karibu miaka thelathini injini yake ilikaa viwandani na melini, wala haikuweza kupanda gari. Mwenyewe alitoweka baharini usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akivuka kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Robert Bosch wa Stuttgart alilishika jambo hilo mwaka 1922, na mwaka 1927 kiwanda chake kikaanza kutoa kwa wingi pampu ndogo iliyosukuma mafuta yenyewe, pasipo msaada wa hewa. Huko Uingereza kazi kama hiyo ilifanywa na C.A.V. wa Acton na Simms wa East Finchley, vitongoji viwili vya London ambavyo pampu zake zilikuja kufungwa katika matrekta mengi ya Afrika ya Mashariki.

Ndani ya pampu ya aina hiyo mna vijiti vya chuma kigumu, kimoja kwa kila silinda ya injini. Mafundi huviita plunja. Kila plunja hupanda na kushuka katika kitundu chake, na ubavuni mwake mna mfuo uliochongwa mshazari. Plunja ikizungushwa kidogo, mfuo huo huwahi au huchelewa kufikia tundu la kurudishia mafuta, na kwa hiyo kipimo cha mafuta hupungua au huongezeka. Ndivyo mkono wa dereva unavyoamrisha injini. Katika injini iendayo mizunguko 2,000 kwa dakika, kila plunja husukuma mara 1,000 kwa dakika hiyo hiyo, na kila mara hutoa mafuta yapatayo tone moja dogo tu, tena kwa msukumo uzidio ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara 150. Pamoja na hayo yote hakuna mpira wala ngozi ya kuzuia mafuta yasivuje. Kinachozuia ni usahihi wenyewe: nafasi iliyo kati ya plunja na kitundu chake ni sehemu 2 au 3 katika sehemu 1,000 za milimita moja, na unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo zaidi ya mara ishirini. Kwa sababu hiyo plunja na kitundu chake husuguliwa pamoja kiwandani, vikawa kama mke na mume wa ndoa isiyo na talaka. Plunja ya jirani haikai humo, hata kama macho hayaoni tofauti.

Adui za kitu kama hicho ni vumbi na maji. Chembe ya mchanga isiyoonekana hukwangua plunja kama tupa. Tone la maji huacha kutu, na kutu hukwamisha. Mafuta yenyewe ndiyo yanayoilainisha pampu, basi yakichafuka, kinga na ugonjwa huingia kwa mlango mmoja.

Pampu iliyotakiwa kutunzwa kama jicho ililetwa, mwaka 1947, katika Ugogo.

Mpango wa karanga ulizaliwa mwaka 1946, Frank Samuel wa United Africa Company alipoishauri serikali ya Uingereza kulima karanga Afrika ili kuondoa upungufu wa mafuta ya kula uliofuata vita. Ujumbe wa John Wakefield ulizuru nchi mwaka huo huo, na ukapendekeza ekari 3,210,000, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Uingereza haikuwa na matrekta mapya ya kutosha, wala dunia nzima haikuwa nayo. Basi yakanunuliwa makuukuu yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta na kiwanda cha Vickers, vikaitwa Shervick. Ilikusudiwa kufyeka ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Zilizolimwa zilikuwa kama 7,500. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, kama theluthi mbili za matrekta yaliyoletwa zilikuwa zimesimama.

Haitakuwa haki kusema kwamba pampu ndiyo iliyoyasimamisha yote. Minyororo ililika kwa mchanga, visiki vilivunja vyuma vya chini, na madereva walikuwa wamefundishwa kwa haraka mno. Ila yafaa kutazama jinsi mambo yalivyopangwa. Kampuni ya Caterpillar, ambayo matrekta yake ya mnyororo yalitumika Kongwa, ilikuwa imewaza habari ya fundi aliye mbali na kiwanda: katika injini zake kila silinda ilipewa pampu yake ndogo, iliyopimwa kabisa kiwandani, nayo iliweza kufunguliwa na kubadilishwa nzima shambani bila kupimwa tena. Huo ulikuwa ubunifu wa busara. Lakini busara hiyo yafaa tu pale penye pampu ya pili ya kubadilisha. Matrekta makuukuu yalikuja kabla ya vipuri, na karakana kubwa ilichelewa nyuma ya matrekta. Bandari ya Dar es Salaam ilisongamana. Septemba 1947 makuli wa bandarini waligoma kwa sababu ya ujira mdogo, na mgomo ukafuata njia ya reli hata Kongwa. Wapangaji walihesabu matrekta kwa mamia, na ekari kwa mamilioni. Meza safi isiyopitwa na upepo, ambapo mtu aweza kufungua kitu chenye usahihi wa elfu za milimita, haikupewa nafasi ya mbele katika hesabu hizo.

Hata pipa la mafuta lina historia yake katika jambo hili. Pipa likisimamishwa wima juani, mafuta yaliyomo hutanuka mchana. Usiku yakipoa hunywea, na pipa huvuta ndani, kupitia kifuniko chake, maji ya mvua yaliyotuama juu. Mtunza ghala mwenye ujuzi hulilaza pipa ubavu au huliinamisha, na hayachoti mafuta mpaka yatulie. Hiyo ni elimu ndogo, haigharimu hata senti, na trekta la maelfu ya pauni hufa kwa kuikosa.

Overseas Food Corporation lilichukua mpango mwaka 1948, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikauacha, baada ya kupoteza pauni zaidi ya milioni 36. Kongwa ikawa malisho ya ng'ombe. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga ikang'olewa katika miaka ya 1960. Lakini watu waliokwisha kushika spana hawakung'olewa pamoja na reli. Mtu aliyejifunza Kongwa kutoa upepo katika mabomba ya dizeli alikuwa na kazi popote palipokuwa na injini, katika mashamba ya mkonge au katika magari ya mizigo.

Matrekta ya miaka ya 1950 yalikuwa ya namna nyingine: ya magurudumu, madogo, yenye kumfaa mkulima mmoja au chama cha ushirika. Fordson Major wa dizeli alikuja na pampu ya Simms yenye plunja nne. Kisha mwaka 1956 C.A.V. wakatoa pampu iliyoitwa DPA, iliyotokana na uvumbuzi wa Mmarekani Vernon Roosa. Nayo ndiyo iliyofungwa katika injini za Perkins za Massey Ferguson 35, na baadaye 135. Pampu hiyo ilikuwa ndogo na ya bei nafuu, maana badala ya jozi moja ya plunja na kitundu kwa kila silinda ilikuwa na plunja mbili tu, zilizosukumana ndani ya kichwa kizungukacho na kuzigawia silinda zote mafuta kwa zamu. Kwa mkulima maskini huo ulikuwa unafuu mkubwa. Tena ulikuwa unafuu wa hatari. Katika pampu ya zamani plunja moja ikichakaa, injini huenda kwa kuchechemea, na mtu aweza kumaliza shamba lake. Katika DPA kichwa kikichakaa, silinda zote hukosa mafuta pamoja.

Pampu hizi zilitoka kiwandani zikiwa zimetiwa waya na kipande cha risasi chenye alama, na vitabu vikaonya kwamba asiyeruhusiwa asivunje lakiri hiyo. Onyo lilikuwa na sababu njema, kwa kuwa pampu iliyofunguliwa haina budi kupimwa upya juu ya mtambo maalumu, kama ule wa Hartridge, ambao huizungusha kwa mwendo uliowekwa na kukusanya mafuta ya kila bomba katika vikombe vya kioo vyenye alama za vipimo, mpaka vyote vilingane. Lakini mitambo hiyo ilikuwa kwa mawakala wa miji mikubwa. Mwenye trekta katika nyanda za Mbulu au Ismani alitakiwa kuifungua pampu nzima, kuitia katika sanduku, kuipeleka mamia ya maili, na kungoja. Mvua haingojei. Katika nchi yenye masika moja, majuma matatu ya kungoja sanduku ni mwaka mzima uliopotea, na deni la trekta halipumziki. Si ajabu, basi, kwamba lakiri zilivunjwa.

Nani alizivunja? Katika miji ya Afrika ya Mashariki kazi ya mitambo ilikuwa kwa muda mrefu mikononi mwa Wahindi, na hasa Masikh, ambao watu wa pwani waliwaita Makalasinga, na ambao wengi wao walifika kwa ajili ya reli. Katika gereji zao vijana Waafrika walikuwa wasaidizi: kuosha vyuma, kushika taa, kufunga nati. Kuosha vyuma ni chuo. Aoshaye pampu kila siku huona kila kipande na mahali pake, hata kama hakuna aliyemfundisha jina lake. Shule za ufundi nazo zilifunguliwa, mathalani ile ya Ifunda mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini walioweza kuzipata walikuwa wachache, na gereji ikabaki ndiyo shule ya wengi. Gerezani, karibu na Kariakoo, ikawa soko la ujuzi huo, na kutoka huko ukaenea Temeke na Kinondoni.

Msasani ilikuwa na haja yake yenyewe. Kijiji hicho, ambacho husimuliwa kwamba jina lake latokana na mtu aliyeitwa Musa Hasani, kilikuwa cha wavuvi wa ngalawa na madau muda mrefu kabla ya kuzungukwa na nyumba za wakubwa. Mashua zilipoanza kutiwa injini ndogo za dizeli, pampu ikaingia baharini pamoja na chumvi yake. Mkulima ambaye pampu yake imekufa hupoteza mavuno. Mvuvi ambaye injini yake imezima nje ya kisiwa cha Bongoyo wakati wa kusi huenda asirudi nyumbani. Basi fundi aliyejua pampu ya trekta alijua pia ya mashua, na mashua ikamletea riziki miezi ambayo matrekta yamelala.

Kazi ya fundi wa namna hiyo yastahili kuandikwa kwa urefu, maana vitabu vya viwanda haviieleza. Huanza kwa masikio na macho. Moshi mweusi humwambia kwamba mafuta ni mengi au nozeli haipulizi ukungu bali yatiririsha; moshi mweupe, kwamba mafuta yaingia bila kuwaka. Hulegeza nati ya bomba moja baada ya jingine huku injini ikinguruma, na ile silinda ambayo kulegezwa kwake hakubadili mlio ndiyo mgonjwa. Hukinga mkono wake mbali na nozeli, kwa kuwa mafuta yatokayo hapo hutoboa ngozi na kuingia mwilini kama sindano yenye sumu. Na iko dalili moja ijulikanayo sana kwa wenye pampu za DPA: trekta huwaka vizuri asubuhi, hufanya kazi mpaka adhuhuri, likizimwa kwa chakula haliwaki tena mpaka lipoe. Fundi humwaga maji baridi juu ya pampu. Likiwaka, hukumu imekwisha kutolewa: kichwa kimechakaa, na mafuta yaliyopata joto yamekuwa mepesi hata yanapenya pale yalipozuiwa yakiwa mazito. Maji ya kopo moja yamefanya kazi ya kipimo cha maelfu ya shilingi.

Hapo yafaa kukiri pia upande wa pili. Kichwa kilichochakaa hakiponi kwa kusuguliwa, kwa kuwa kusugua huongeza ile nafasi ambayo ndiyo ugonjwa. Na wako waliosugua, wakachukua fedha, wakarudisha pampu iliyokwenda juma moja. Wako waliofungulia pampu juu ya mchanga, wakazipangusa kwa matambara yenye nyuzi, wakachanganya plunja za ndoa mbalimbali. Wengine walikaza skrubu ya kiasi cha juu ili trekta lipate nguvu zaidi, na injini ikafa kwa joto. Lakiri haikuwekwa bure. Lakini fundi mwema alijulikana kwa mambo madogo: aliosha mikono kabla ya kazi na si baada yake tu, aliviweka vipande katika sahani ya mafuta safi kila kimoja na mwenzake, alikwaruza alama ya msumari kabla ya kuing'oa pampu ili irudi pale pale ilipokuwa, na alipofika mpaka wa ujuzi wake alisema kwamba pampu hii sharti iende kwenye mtambo. Tofauti ya mafundi hao wawili haikutokana na cheti, kwa kuwa mara nyingi wote wawili hawakuwa nacho.

Baada ya Uhuru wa 1961 serikali ilirudia jaribio la matrekta kwa namna yake. Mradi wa vijiji vya makazi mapya ulianza mwaka 1963, vijiji vikapewa matrekta na gharama kubwa, na mwaka 1966 ukasimamishwa. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa na nyumba yake Msasani, alirudia mara nyingi kwamba taifa linalolima kwa jembe la mkono lipitie kwanza plau la ng'ombe. Wasomi wengi waliona hayo ni maneno ya unyenyekevu, au ya siasa. Mtu anayezijua pampu huyaona kuwa hesabu tu: plau hutengenezwa na mhunzi wa kijiji, na kifaa chake kilicho sahihi kuliko vyote ni ng'ombe. Hata hivyo, matrekta yaliendelea kuja, na katika miaka ya 1980 kiwanda cha TRAMA huko Kibaha kiliunganisha yale ya Valmet ya Ufini. Kuunganisha trekta ni kazi ya saa chache, ilhali kulilisha vipuri ni kazi ya miaka ishirini, na miaka hiyo ilikuwa migumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na kichwa cha DPA kilihitaji kibali cha kuagiza bidhaa kama kilivyohitaji kiwanda kizima. Wakati huo ndipo fundi wa mitaani alipokuwa wakala, ghala na mtambo kwa pamoja: alitoa uhai wa pampu moja kutoka katika maiti za pampu tatu. Mwaka 1984 watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na vipuri vikaanza kuonekana tena madukani.

Baadaye akazuka adui asiyekuwa katika kitabu chochote cha Acton. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, na wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya. Trekta huenda kwa mchanganyiko huo, tena bila malalamiko. Lakini mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, na pampu isiyo na kilainishi kingine ila mafuta yake hujisaga yenyewe kidogo kidogo. Mafundi huweza kuutambua ugonjwa huo kwa mng'ao wa mikwaruzo iliyonyooka, isiyo na alama ya mchanga wala ya kutu. EWURA ilianza kutia alama maalumu katika mafuta mwaka 2010 ili kuwakamata wachanganyaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ikaribie ile ya dizeli, jambo lililowaumiza wenye vibatari na kuziponya pampu.

Jina la C.A.V. limepita mikononi mwa makampuni mengine, lakini pampu ya DPA haikufa: India yaliendelea kuitengeneza kwa leseni, na vichwa vya kuiga, vilivyo nusu ya bei na pengine nusu ya umri, vimejaa katika maduka ya vipuri. Injini mpya zimeondoa pampu ya namna hiyo kabisa, zikaweka vyombo vya umeme viamuavyo kipimo cha mafuta vyenyewe, na huko fundi asiye na kompyuta hana la kusikiliza. Kwa hiyo kazi iliyobaki kwenye meza za Temeke na Msasani ni ya matrekta kuukuu na mashua kuukuu, na swali ambalo mwenye trekta huulizwa kabla nati ya kwanza haijalegezwa ni moja tu: atanunua kichwa cha asili, au cha kuiga.